Saa ya Alfajiri Ina Wenyewe Wengi

Jumatatu

Saa 10 alfajiri na dakika chache, nikiwa naandika aya ya pili ya sura ya pepo za baharini katika kitabu changu, mpira wa maji uliruka kutoka kwenye pipa. Mtaani kwetu Ngamiani maji ya bomba huja usiku wa manane na hupungua nguvu kabla jua halijachomoza, kwa hiyo kila nyumba ina mtu wake wa kuamka kuyakinga. Kwetu mtu huyo ni mimi, kwa kuwa saa hiyo mimi ndiye niliye macho. Leo yalikuja kwa nguvu kuliko siku zote. Mpira ulianguka ukumbini, maji yakapita chini ya mlango, yakalifikia boksi ninamoweka madaftari ya mahojiano. Daftari la chini kabisa, lenye habari za mitego ya dema na uzio, limelowa hadi katikati. Yaliyoandikwa kwa kalamu ya bluu yametawanyika kurasa nzima. Yaliyoandikwa kwa penseli yako salama, hata herufi moja haikutoka. Nimezianika kurasa kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, moja moja, na nilipobana ya mwisho mwadhini alikuwa ameshaanza.

Ninaandika kitabu cha maarifa ya wavuvi wazee wa Tanga: pepo, mwendo wa maji, miamba yenye samaki na njia za kuifikia. Wengi wa ninaowahoji wamevuka miaka 70. Vijana wanaowafuata wana mashine za kusukuma boti na simu zenye ramani, na ni haki yao. Lakini yupo mzee anayeupata mwamba ulio pima kadhaa chini ya maji kwa kulinganisha mnazi wa ufukweni na kilele cha Usambara nyuma yake, kisha mnara na kisiwa kwa upande wa pili, na pale mistari miwili inapokutana anatupa nanga. Akifa, mwamba utabaki na njia ya kuufikia itapotea. Hakuna aliyenituma kazi hii na hailipi. Nafundisha baiolojia sekondari, na mshahara wangu unatoka huko. Hata hivyo, katika yote ninayoyafanya, hiki kitabu ndicho ninachoona nikikiacha nitakuwa nimeacha kitu kikubwa.

Ndiyo maana nimekipa saa yangu iliyo bora. Mimi hulala saa 3 usiku, na akili yangu huwa nzima kuanzia saa 10 alfajiri hadi jua linapotoka, ambalo mwezi huu wa Februari linatoka kwenye saa 12 na nusu. Baada ya hapo inafaa sana kufundisha. Ikifika saa 8 mchana inafaa kusahihisha maswali ya kuchagua. Baada ya Isha inataka kulala, nami huiruhusu.

Mchana, kipindi cha nane, Kidato cha Tatu. Niliwaletea kifauwongo kilichopandwa kwenye chungu kidogo ili tuone mimea inavyoitikia mguso. Mwanafunzi niliyempa chungu akishike mbele ya darasa alisinzia akiwa amesimama, na chungu kikaanguka kikavunjika. Majani yote yalijikunja kwa pamoja. Darasa zima, ambalo nusu yake ilikuwa imeinamia madawati, liliinuka na kuzunguka udongo uliomwagika, na kwa robo saa hatukuwa na mtu wa kusinzia. Walichuchumaa kimya wakisubiri majani yafunguke, na yalipoanza kufunguka, jani moja baada ya jingine kutoka kwenye shina, walinong'ona kwa kuonyeshana vidole.

Nikawasimulia habari za mwaka 1729, pale Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alipouweka mmea wa namna hii gizani, mahali ambapo jua halikuufikia. Mmea uliendelea kufungua majani mchana na kuyakunja usiku. Kulipopambazuka ulijua, na hakuna aliyeuambia. Wazee wa sayansi walichukua muda mrefu kulipokea jambo hilo hadi mwisho wake, kwamba kiumbe hai hubeba saa yake ndani. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli za nzi wadogo wa matunda. Sisi binadamu tunayo pia: kundi la seli kama 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, ambalo hurekebishwa kila siku na mwanga.

Mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, kwa hiyo tukilala saa hizi si kosa letu?" Nilimjibu kwamba si kosa. Mwili wa kijana wa miaka 15 huchelewa kutoa homoni ya usingizi usiku kuliko mwili wangu, na asubuhi huchelewa kuiacha. Huyo aliyeuliza huamka saa 11 alfajiri ili atembee hadi shuleni. Tena mchana wa saa 7 na saa 8 mwili wa karibu kila mtu hushuka, aliyekula na asiyekula. Nimerudi nyumbani na jambo hili kichwani. Ratiba inawapa watoto hawa nadharia nzito mara kadhaa kwa wiki katika saa ambayo miili yao imefunga.

Jumanne

Maji yalijaa saa 7 mchana na ushei, vyombo vikatoka na kupwa. Nilijua kwamba nikimaliza vipindi nitakuta pwani ya Deep Sea haina watu, ila mzee wangu wa nyavu, mmoja wa ninaowahoji, ambaye siku hizi haendi baharini, atakuwa chini ya mti wa mkungu. Bodaboda iliyonichukua ilikata cheni njiani. Kijana aliitengeneza kwa waya alioutoa mfukoni, ikakatika tena, na sehemu iliyobaki nilitembea na jua usoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na jua lote."

Alikuwa anasuka dema. Nilimuuliza kwa nini leo hashoni nyavu, akaniambia nyavu ni za asubuhi. Tundu la wavu halimvumilii mtu aliyechoka: akikosea fundo moja, samaki wa wiki nzima watapita hapo. Dema mikono inalijua, na anaweza kulisuka alasiri huku akizungumza. Nikauliza kuhusu kuamua kutoka au kutotoka baharini. Alisema siku zote za unahodha wake hakuwahi kuamua usiku. Usiku mtu ana hofu au ana tamaa, alisema, na vyote viwili si hali ya hewa. Aliamua baada ya swala ya alfajiri, akiwa amesimama majini hadi magotini, uso ukielekea upepo wa umande unaotoka bara. Alikuwa akilowesha sikio la kushoto, kisha la kulia, akangoja lipi litapoa kwanza.

Nilimtazama mikono alipokuwa akisema hayo. Ufito ulikuwa ukipita juu na chini bila yeye kuuangalia, na kila alipofika pembeni kidole gumba kiliubonyeza mara mbili kabla ya kuupinda. Sijui kama anajua kwamba anabonyeza mara mbili.

Nilirekodi yote kwa simu. Jioni nilipofungua nilisikia kaskazi tupu, ikivuma kwenye kinasa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na mahali fulani kicheko chake. Ilikuwa baada ya Isha. Sikujaribu kuandika habari yenyewe saa hiyo, maana ninachokiandika nikiwa nimechoka huwa na maneno yote ila mtu hayumo. Niliandika vichwa vya mambo tu, kwa penseli: sikio, magoti, hofu na tamaa, kidole gumba. Kisha nikazima taa.

Jumatano

Umeme wa luku uliisha saa 10 na dakika 20. Nilinunua kwa simu. Pesa zilitoka, namba za kuingiza kwenye mita hazikuja. Ujumbe uliniomba niwe na subira kwa kuwa muamala unashughulikiwa. Nilichukua taa ndogo ya sola ambayo mtoto huitumia kusomea, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, na mwanga wake ulitosha ukurasa mmoja kwa wakati. Iliendelea kuwaka mpaka adhana.

Kwa mwanga huo niliandika ukurasa wa mzee aliyesimama majini, na umekuja wote. Nilikuwa nimekaa na sura hii kwa majuma, nikieleza umande hivi na upepo wa matlai utokao baharini vile, kila upepo na upande unakotoka, na ilisomeka sawa na vile vitabu vya jiografia tulivyokariri. Leo asubuhi nilianza na sikio lililoloweshwa, na pepo zote zikapata mahali pa kuingilia. Upepo wa nchi kavu unaingia kwanza, mwembamba, una harufu ya moshi wa mapishi ya mtaani. Ukikatika mapema, matlai inakuja na nguvu. Ukikawia, kuna muda wa kufika mwambani. Sikulazimika kutafuta sentensi. Vichwa vya mambo vya jana usiku nilivikuta vimejipanga, na nadhani usingizi ulifanya kazi hiyo. Hapa ndipo ninapoona watu wanapotupa mali: wanaamka na kichwa kilichojipanga hivyo, halafu kitu cha kwanza wanachokipa ni simu.

Namba za luku ziliingia saa 6 mchana, nikiwa shuleni.

Saa 8 nilikaa chumba cha walimu na rundo la majaribio ya Kidato cha Kwanza, maswali ya kuchagua. Kazi ya namna hiyo naipenda saa hiyo. Haihitaji nifikiri upya, inahitaji nisiache, na kuishiwa nguvu kidogo hakuiharibu. Nilikuwa nimefika katikati pale katibu msaidizi wa kamati ya harusi ya mtoto wa wifi yangu alipopiga simu kuuliza idadi ya viti. Mimi ndiye katibu. Tulihesabu viti, mahema na sufuria za pilau kwa simu hadi chaji ikaisha, na majaribio yaliyobaki nilikuja nayo nyumbani ndani ya mfuko wa ngano.

Mwalimu mwenzangu mmoja huniambia kwamba mwajiriwa hana haki ya kuchagua saa zake, na kwamba mambo haya ni ya watu wenye nafasi. Sikubaliani naye. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii hii, alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na vitabu vyake aliviandika kando ya ajira. Toni Morrison alikuwa akifanya kazi ya kuhariri vitabu na kulea wana wawili wadogo alipozoea kuandika kabla hapajapambazuka. Mwajiri wangu ana saa zake, na namtimizia. Zilizobaki nje ya hizo ni chache mno kuzigawa kwa bahati nasibu. Asiye na nafasi ndiye hasa anayepaswa kujua ni saa gani akili yake inafunguka, maana akiikosa hiyo hana nyingine.

Alhamisi

Kikao cha ratiba. Nilikuwa nimejiandaa na karatasi, lakini mvua ya ghafla ilipiga juu ya bati na kwa muda mrefu hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwalimu wa taaluma alisubiri ikatike. Haikukatika, akaanza kwa kupaza sauti, nasi tukajibu hivyo hivyo, na mtu aliyepita nje angedhani tunagombana.

Nilisema watoto wanasinzia kipindi cha saba na cha nane, na hawasinzii kwa utovu wa adabu. Nikaeleza habari ya homoni na habari ya kushuka kwa mwili mchana.

"Madam, kila mwalimu anataka asubuhi," alisema mwalimu wa taaluma. "Mchana nimpe nani?"

Ni swali la haki, na nilikuwa nimelitegemea. Nilimwambia mchana aupe kazi za mikono. Mtoto akisimama maabara, akapima, akachora alichokiona, akabeba maji, hasinzii. Kilicholiamsha darasa zima Jumatatu ni chungu kilichovunjika, ila hatuwezi kuvunja chungu kila siku. Kwa hiyo baiolojia ya nadharia ije kipindi cha tatu au cha nne, ya vitendo iende cha saba na cha nane. Kilimo cha bustani kiende mchana kivulini, na michezo baada yake. Hisabati ipande juu. Mimi mwenyewe niko tayari kufundisha mchana kila siku, mradi niwafundishe wakiwa wamesimama.

Mwalimu wa fizikia, ambaye ni mtu wa usiku na hufika asubuhi na macho mekundu, alisema kwake kipindi cha kwanza ni mateso na angependa kuniachia. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1976 Horne na Östberg walitunga maswali 19 ya kupima kama mtu ni wa asubuhi au wa usiku, na tangu hapo hakuna sababu ya kumwita mtu wa usiku mvivu. Alifurahi. Alisema angetaka mkewe asikie hilo.

Mwalimu wa taaluma alikubali tujaribu. Kisha ikabainika kwamba ufunguo wa maabara ni mmoja, na mtunza maabara anaondoka nao saa 8 mchana kwa sababu anaishi mbali. Suala la ufunguo limeahirishwa.

Usiku baba watoto alitandaza vitabu vya hesabu vya duka lake la vipuri juu ya meza yangu. Yeye akili yake inafunguka saa 4 usiku. Saa hiyo anaweza kukumbuka bei ya beringi aliyoiuza mwaka jana, na mteja aliyeichukua. Asubuhi ukimuuliza jina la mteja huyo anakutazama tu. Tumekaa miaka mingi katika nyumba moja tukifikiri mmoja wetu ana tatizo. Siku hizi tunaitumia meza moja kwa zamu: yeye anaiacha saa 6 usiku, mimi ninaishika saa 10. Leo aliiacha na stakabadhi zimeshikizwa kwa parafujo na kipande cha mnyororo, na sehemu ya kushoto, ninapoandikia, ameiacha tupu na kuipangusa mafuta.

Ijumaa

Wifi alifika na basi la usiku kutoka Dar es Salaam. Alibisha saa 10 na nusu alfajiri, akiwa na masanduku mawili, ndoo ya plastiki yenye vitambaa vya sare ya harusi, na jogoo. Nilikuwa nimeandika mistari mitatu.

"Wifi, hivi wewe hulali?" aliniuliza mlangoni.

"Nalala mapema, wifi. Karibu, pole na safari."

Niliweka birika jikoni na kusukuma chapati. Alikaa kwenye meza yangu, akasogeza madaftari taratibu kwa kiganja, akanieleza safari tangu mwanzo, abiria mmoja mmoja. Jogoo alifungwa kwenye mguu wa meza na aliwika mara tu taa ilipowashwa ukumbini. Baba watoto hakusikia lolote. Mgeni wa alfajiri hapokelewi kwa nusu moyo, na wifi huyu alinilelea mtoto wangu wa kwanza nilipokuwa chuoni, kwa hiyo saa ile ilikuwa yake kwa haki. Harusi nayo ni kazi ya maana. Ila haihitaji saa 10 alfajiri, na nilimwambia hivyo kwa upole alipotaka tuanze kupitia orodha ya waalikwa kabla ya swala. Tulipatana tufanye baada ya Magharibi, na tulifanya, na tuliimaliza vizuri. Kuhesabu watu, kukumbuka nani ni shangazi wa nani, kucheka kidogo: kazi hizo jioni inazibeba bila taabu.

Muuza kahawa alipita na kashata. Nilichukua kashata tu. Kahawa ya saa 1 usiku nusu yake bado iko mwilini saa 6 usiku, nami nina miadi kesho alfajiri.

Jumamosi

Bamvua. Kwetu Tanga, kama pwani yetu yote, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji makubwa hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa saa 4 asubuhi na ushei. Mzee alikuwa ameniita nije nione manahodha wanavyoamua. Saa yangu ya kuandika na saa yao ya kuamua zilikuwa zimegongana, nami nilichagua kwenda, kwa sababu kitabu hakina cha kuandikwa asubuhi ya kesho kama asubuhi ya leo haikuonekana.

Nilisimama ukingoni gizani. Maji yalikuwa juu kabisa, yanagusa mizizi ya mkungu. Hakuna aliyezungumza sana. Mmoja aliangalia mawingu upande wa Pemba. Mwingine aliingiza mkono majini na kuuacha humo. Nahodha kijana alitazama simu yake, akaona utabiri, kisha akamtazama mzee wangu, ambaye alikuwa amelowesha sikio. Mzee akatikisa kichwa: ngojeni. Walingoja hadi weupe ukatanda, upepo wa nchi kavu ukashika, wakatoka.

Nilimuuliza jambo ambalo limenisumbua tangu Jumanne. Maji hukawia karibu dakika 50 kila siku, kwa kuwa yanafuata mwezi, na mwezi haufuati saa yetu. Mvuvi basi hana saa yake, leo anatoka alfajiri, juma lijalo mchana. Mwili wake unawezaje? Nilimweleza kisa cha Nathaniel Kleitman, mtafiti wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka 1938 aliingia na msaidizi wake Bruce Richardson katika pango la Mammoth, Kentucky. Walikaa siku 32 bila jua, wakijaribu kuishi siku yenye saa 28. Mwili wa Richardson, aliyekuwa kijana, uliizoea. Wa Kleitman, aliyekuwa ameshapita miaka 40, ulikataa. Joto lake liliendelea kupanda na kushuka kwa saa 24.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Alisema bahari humchukua mtu mwili kwa saa inayotaka yenyewe, na hakuna ubishi. Lakini kutoka ni kazi ya mikono na macho, na mikono hutoka hata ikiwa imechoka. Kuamua hakufanyiki hivyo. Hata siku za kutoka saa 7 mchana, yeye alikuwa ameshaamua alfajiri ya siku hiyo, na mchana alithibitisha tu. Nimeliandika hilo palepale, nimesimama, kwa penseli.

Saa 4 nilifuatana na akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza miambani. Kurudi, maji yalianza kujaa, tukakata njia kwenye matope ya mikoko, na kandambili yangu ya kulia ilizama. Tuliitafuta watatu kwa mikono na kwa vyuma vya pweza, hatukuipata. Kijana wa bodaboda alitandika gazeti kwenye kikanyagio ili tope lisimchafulie pikipiki.

Adhuhuri nililala kailula ya nusu saa. Wifi aliwazuia watoto mlangoni.

Jumapili

Usiku wa jana, saa 5, baba watoto alifunga boya kwenye pipa kutokana na vipande alivyokuwa navyo dukani, na akakaza mpira kwa kibanio cha chuma. Nilikuta ameacha ujumbe kwenye ukurasa mtupu: likijaa litajifunga, usiamke kwa ajili yake. Saa 10 na robo maji yalikuja, yakajaa, yakajifunga. Niliandika hadi jua lilipotoka. Sura ya pepo imekwisha. Nimeisoma yote kwa sauti ya chini, na mahali pawili niliposikia mwalimu anazungumza badala ya nahodha nimepafuta.

Kurasa za dema zimekauka zikiwa zimekunjamana. Yaliyokuwa kwenye zile za wino itabidi niyaulize upya, na mmoja wa wazee walionieleza mambo yale alifariki mwaka jana. Wawili wapo. Nimewapangia asubuhi za likizo ndogo, kabla hawajachoka, maana alasiri wote wawili hujibu "ndiyo" kwa kila swali.

Mwalimu wa taaluma ametuma ujumbe kwamba mtunza maabara amekubali ufunguo uchongwe wa pili, na vitendo vya Kidato cha Tatu vinaanza Jumanne kipindi cha saba. Nimemwomba atuwekee na Kidato cha Nne, maana wao ndio wenye mtihani. Bado hajajibu.

Mzee wa nyavu anataka kusomewa sura ya pepo kabla mtu mwingine hajaiona. Amesema niende asubuhi, wakati anashona, ili asikie vizuri na anikatize ninapokosea. Asubuhi ninayoweza ni Jumatano tu, na nina kipindi cha kwanza. Nimempigia mwalimu wa kemia anishikie, nami nitamshikia cha kwake cha kwanza Ijumaa, kwa kuwa anasema siku hiyo huwa hajaamka vizuri. Amekubali, na ameuliza kama tunaweza kubadilishana hivyo kwa muhula mzima.